Kobe Wanne na Vitambaa Vyao

Jumamosi moja pale kijiweni, tukiwa watu sita tunasomeana kazi zetu huku kahawa inapita, nilisema kwamba sura ya tatu ya riwaya yangu nimejifunza kuipanga kutoka kwenye katuni ya Kobe Maninja. Mshikaji mmoja akacheka mpaka kikombe kikamtoka mkononi. Akaniambia: "Wewe unataka kuwa mwandishi halafu mwalimu wako mdoli? Ile si hadithi bwana, lile ni tangazo la duka."

Sikumjibu. Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani nikafungua boksi langu la zamani, nikamtoa Donatello wangu. Ni mdoli wa plastiki mwenye urefu wa kidole changu cha kati na zaidi kidogo, fimbo yake imepotea zamani, na mguu mmoja una alama za meno ya mbwa wa mzungu fulani nisiyemjua. Mama alimpata ndani ya mfuko wa koti la mtumba. Nilimtazama usiku ule nikajiuliza: je, jamaa ana haki? Mimi nilipenda hadithi, au nilipenda bidhaa?

Ndugu msomaji, hili si swali la kitoto. Mimi nina muswada mezani, na kuna mtu ametaka kuununua. Nitafika huko. Kwanza tumhukumu kobe kwa haki.

Mezani, si studioni

Wengi wetu tuliwaona kobe hawa kwenye banda umiza, au kwenye zile DVD zenye katuni ishirini ndani ya diski moja. Kwa hiyo tunadhani walizaliwa kwenye televisheni. Sivyo kabisa. Walizaliwa kwenye gazeti dogo kama hili unalolisoma.

Novemba 1983, mjini Dover, jimbo la New Hampshire, Marekani, vijana wawili walikuwa wamekaa nyumbani wanachora. Mmoja Kevin Eastman, mwingine Peter Laird. Eastman, kwa mzaha tu, akachora kobe aliyesimama wima, amefunga kitambaa usoni na nanchaku mkononi, akamwita kobe ninja. Laird akacheka, akachora wa kwake. Eastman akaongeza wakawa wanne. Laird akamalizia kwa wino na kurefusha jina: sasa wakawa vijana, tena waliobadilika maumbile. Mzaha wenyewe ni rahisi: ninja ni mwepesi kuliko wote, kobe ni mzito kuliko wote. Sisi tuliolelewa na ngano za kobe anayemshinda sungura tunauelewa mzaha huo haraka kuliko Mmarekani yeyote, ila sisi kobe wetu anashinda kwa subira na akili. Hawa wao waliamua kumpa panga.

Kampuni yao waliiita Mirage, yaani mazigazi, kwa sababu studio yenyewe haikuwepo. Kilichokuwepo ni chumba na meza. Hela ya kuchapa waliitoa kwenye marejesho ya kodi, na mjomba wa Eastman akawakopesha nyingine. Toleo la kwanza lilitoka Mei 1984, nakala 3,000 hivi, jeusi na jeupe ndani, karatasi ya bei nafuu, dola moja na senti 50. Salio kidogo wakalipia tangazo la ukurasa mzima kwenye gazeti la wapenzi wa vibonzo. Nakala zikaisha, ikabidi wachape tena.

Halafu jamaa ananiambia hakuna mwandishi hapa! Ndugu zangu, mjomba wa kukukopesha, karatasi ya bei nafuu, nakala zinazobebwa kwa mikono kwenda kuuzwa. Hii ni historia yetu sote tunaochapa wenyewe. Tofauti ni kwamba wao walimpata mjomba.

Na kazi yenyewe ilikuwa kazi. Vijana hawa walikuwa wanawasoma wakubwa wao na kuwatania. Ajali iliyowabadili kobe wao inatokea kwenye tukio lile lile lililompofusha shujaa Daredevil wa kampuni ya Marvel: gari, kijana anayemwokoa kipofu, kopo la sumu linaruka. Daredevil alifundishwa na mzee Stick, kobe wakafundishwa na panya mzee Splinter. Daredevil alipigana na kundi la Mkono, kobe wakapigana na kundi la Mguu. Ukiyajua haya, kitabu kinakuchekesha mara mbili. Hiyo ndiyo kazi ya fasihi, kuzungumza na fasihi iliyotangulia.

Majina nayo walifikiria kwanza yawe ya Kijapani, wakaona hayakai mdomoni. Wakafungua kitabu cha historia ya sanaa, wakachukua majina ya wasanii wakubwa wa Italia: Leonardo, Donatello, Raphael, Michelangelo. Huyo wa mwisho waliliandika jina lake vibaya, wakaweka herufi moja zaidi katikati, na kosa likakaa hivyo kwa miaka. Nawatajia hili wale mnaoogopa kupeleka kazi kwa mhariri kwa sababu ya tahajia.

Mdoli ndiye aliyeagiza katuni

Sasa tuje kwenye shitaka. Wakala mmoja wa biashara, Mark Freedman, aliwafuata vijana wale akazunguka na kobe wao kwenye kampuni za midoli. Kampuni kubwa zikakataa. Playmates ikakubali, lakini ikataka kwanza pawepo na katuni ya televisheni, watoto wawajue kobe ndipo wawanunue. Basi sehemu tano za mwanzo zikaonyeshwa Desemba 1987, na midoli ikaingia madukani 1988. Katuni ikaendelea mpaka 1996, jumla sehemu 193.

Kwa hiyo hapa mshikaji wangu amepata. Katuni tuliyoipenda ilikuwa ngazi ya kumfikishia mtoto rafu ya duka. Hilo siwezi kulificha, na mhakiki anayelificha ni dalali.

Lakini kujua nani alilipia hadithi si sawa na kujua hadithi ina thamani gani. Mashairi mangapi ya pwani yalitungwa kwa tajiri aliyetaka sifa? Tuitazame kazi yenyewe tuone duka liliongeza nini na liliharibu nini.

Kilichoongezwa: rangi

Kwenye gazeti la mwanzo kobe wote wanne walivaa vitambaa vyekundu. Wote! Ukitaka kumjua nani ni nani unatazama silaha: Leonardo ana panga mbili, Donatello fimbo ndefu, Raphael visu vya sai, Michelangelo nanchaku. Wakiweka silaha chini, umepotea.

Duka haliwezi kuuza midoli minne inayofanana. Mtoto akishanunua mmoja, wa pili wa nini? Basi ikaja rangi: bluu kwa Leonardo, zambarau kwa Donatello, nyekundu ikabaki kwa Raphael, na rangi ya chungwa kwa Michelangelo. Kwenye mikanda wakawekewa herufi za kwanza za majina yao. Na pamoja na rangi zikaja tabia zilizo wazi zaidi: mmoja kiongozi, mmoja fundi wa mashine, mmoja mwenye ulimi mkali, mmoja mpenda raha. Hata ule ulafi wa piza ulikuzwa na katuni mpaka ukawa nusu ya sifa zao. Wimbo wa ufunguzi, ambao mmoja wa watunzi wake ni Chuck Lorre, yule aliyekuja kuwa mtengenezaji mkubwa wa vichekesho vya televisheni Marekani, unakutajia kila kobe na tabia yake kabla hadithi haijaanza.

Jamani, hilo ni somo. Nilichukua muswada wangu nikafanya jaribio: nikafunika majina ya wahusika wanne wa sura ya kwanza kwa kidole, nikasoma maneno yao tu. Sikuweza kuwatofautisha. Mimi mwenyewe niliyewaumba! Wote walikuwa wanaongea kama mimi nikiwa nimekasirika. Wote walikuwa na vitambaa vyekundu.

Sura ya tatu niliyoitaja kijiweni imetoka hapo. Nilimpa kila mhusika kitambaa chake. Sisemi rangi, nasema neno analolirudia, kitu anachokitamani, namna anavyokaa kwenye daladala. Biashara ndiyo iliyowalazimisha kobe kutofautiana, lakini kutofautiana kwenyewe ni sanaa. Somo zuri halikataliwi kwa sababu mwalimu ni muuza duka.

Kilichoharibika: kifo, damu, na Baxter

Sasa upande wa pili, na hapa simtetei mtu.

Kwenye gazeti la 1984, adui mkuu Shredder anakufa ndani ya toleo la kwanza lile lile. Kobe wamelelewa na kufundishwa ili wamuue mtu mmoja, wanamuua, basi. Ni kisa cha kisasi, kizito, na mwisho unakuacha na maswali: vijana waliolelewa kwa ajili ya kuua, wakishaua wafanye nini? Katuni haiwezi kumuua Shredder, kwa sababu mdoli wake yuko dukani. Kwa hiyo anashindwa leo, kesho anarudi, keshokutwa anarudi. Sauti yake kwa sehemu kubwa ya katuni ilikuwa ya James Avery, yule yule tuliyemjua kama mjomba Phil kwenye The Fresh Prince of Bel-Air, na ilikuwa sauti ya kutisha kweli. Lakini sauti ya kutisha kwa adui asiyeweza kumdhuru mtu ni radi bila mvua.

Askari wa Mguu nao kwenye gazeti ni watu. Kwenye katuni wakageuzwa roboti. Roboti akikatwa panga hakuna damu, hakuna mjane, hakuna mzazi wa kulalamika. Uingereza walikwenda mbali zaidi: neno ninja lenyewe likaondolewa kwenye jina, wakaitwa mashujaa, na picha za nanchaku zikakatwa. Baadaye Michelangelo akapewa ndoano yenye kamba. Hapa nina ushahidi wa mwilini. Fulana yangu ya mtumba iliandikwa Hero, DVD yetu iliandikwa Ninja, na mimi na kaka tulipigana ngumi kweli kuhusu lipi ni feki. Kumbe hakuna feki, fulana yangu ilishuka kutoka Ulaya.

Lakini lililoniuma ni Baxter Stockman. Kwenye ile diski yetu walikuwemo kobe wa aina mbili, wale wa 1987 na wale wa katuni mpya iliyoanza 2003. Ndani yake kuna mwanasayansi Baxter Stockman. Kwenye ya 1987 ni mzungu mwoga mwenye miwani ambaye baadaye anageuka nzi. Kwenye ya 2003 ni mtu mweusi. Sisi watoto tukaamua ni watu wawili wenye jina moja, kama vile akina Juma mtaani.

Nimekuja kujua ukubwani: kwenye gazeti la Eastman na Laird, Baxter alikuwa mweusi tangu mwanzo. Katuni ya 1987 ndiyo iliyombadilisha. Ile ya 2003, ambayo Mirage wenyewe walikuwa na mkono ndani yake na ilifuata gazeti kwa karibu zaidi, ilimrudisha. Ni mwovu, sawa. Lakini ni mtu msomi, mvumbuzi, mwenye kiburi cha akili. Mimi mtoto wa uswahilini niliyeishi na diski ile miaka mitano, mweusi pekee niliyemkumbuka kwenye hadithi nzima alikuwa mvumbuzi wa mashine, na kumbe alishawahi kufutwa akachorwa mwingine juu yake. Ndugu msomaji, ukimpa mtu hadithi yako airekebishe kwa ajili ya soko, usifikiri ataanza na koma. Anaweza akaanza na uso.

Wakusanyaji

Tuchangamke kidogo, maana midoli nayo ina hadithi zake. Kundi la kwanza la 1988 lilikuwa na midoli kumi: kobe wanne, Splinter, mwandishi wa habari April O'Neil, Shredder, askari wa Mguu, na wale wajinga wawili, Bebop mwenye kichwa cha ngiri na Rocksteady wa kifaru, ambao hawakutoka kwenye gazeti la mwanzo. Kobe wa mwanzo kabisa walikuwa na vichwa laini vya mpira, baadaye vikawa vigumu, na leo wakusanyaji wanaminya vichwa kama akina mama wanaochagua maparachichi. Silaha zilikuja zimeshikana kwenye fremu moja ya plastiki, unazikwanyua mwenyewe, ndiyo maana Donatello wangu hana fimbo na hatakuwa nayo.

Kisha tamaa ikaingia. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wakaja kobe waliovaa kama majini ya sinema za zamani mwaka 1993, kobe wa Star Trek mwaka 1994, kobe wa kila kazi na kila mchezo. Na angalia kichekesho: mmoja wa midoli inayotafutwa kuliko yote ni Scratch wa 1993, paka mwizi. Alitoka wakati wapenzi wengi walishachoka, akanunuliwa na wachache, na leo anauzwa ghali mno. Gazeti la kwanza nalo hivyo hivyo: lile la dola moja na nusu linalipiwa maelfu na maelfu ya dola.

Mimi nina neno kwa wakusanyaji. Mdoli wenye thamani kwao ni ule ambao haujatolewa kwenye boksi, yaani ule ambao hakuna mtoto aliyewahi kuucheza. Donatello wangu kwao ni takataka. Lakini huyu ndiye aliyenifundisha kutunga. Kwa sababu sikuwa na wenzake watatu, niliwaweka kwa kizibo cha soda, betri iliyokufa na mswaki. Leonardo alikuwa mswaki. Hadithi nilizowatungia zilikuwa ndefu kuliko za kwenye diski, na ndani yake Shredder alikufa vizuri tu na kuzikwa.

Hilo ndilo jibu langu la kwanza kwa mshikaji. Tangazo linaishia dukani. Kilichoendelea kwenye sakafu yetu baada ya umeme kukatika hakikuwa tangazo la mtu.

Karatasi

Sasa lile la muswada. Mtu mmoja anayechapa na kuuza vijitabu aliusoma, akaupenda. Masharti yake mawili. Kwanza, wahusika wangu niwanoe, wasifanane. Pili, anipe shilingi laki tatu mara moja, nisaini karatasi, na hadithi pamoja na majina ya wahusika viwe mali yake milele, ataendeleza kama atakavyo.

Laki tatu si hela ndogo kwa mtu wa kidato cha nne anayelala sebuleni kwa dada yake. Nisidanganye, mkono uliwasha.

Nikarudi kwa wale vijana wa Dover. Wao waliuza leseni, lakini kobe walibaki wao. Kwa kuwa walibaki wao, waliweza kuendelea na gazeti lao jeusi na jeupe huku katuni ikichekesha watoto. Novemba 1988, wakiwa tayari wana fedha, waliwakaribisha wachoraji wenzao Northampton, Massachusetts, wakaandika tamko la haki za mtunzi juu ya kazi yake. Mwaka 1992 Laird akaanzisha mfuko wa Xeric, uliokuwa unawapa fedha wachoraji wanaochapa vibonzo vyao wenyewe, na kwa miaka 20 ukawa ndio mjomba wa wasio na mjomba. Waliuza mwishowe, ni kweli. Eastman aliachia sehemu yake kidogo kidogo, na 2009 Laird akawauzia Viacom kobe wote kwa dola milioni 60. Lakini hiyo ni miaka 25 baada ya ile meza. Waliuza wakijua wanauza nini.

Na bado kisa chao cha zamani hakikufa. Mwaka 2020 ulianza kutoka mfululizo wa The Last Ronin, uliotokana na wazo walilokuwa wameliandika wawili hao mwaka 1987. Ndani yake amebaki kobe mmoja, mzee, ndugu zake wote wamekufa. Damu imerudi, huzuni imerudi. Na unajua amevaa kitambaa gani? Cheusi. Duka lilitoa rangi nne, na watunzi wakatumia ukosefu wa rangi kuficha ni nani aliyebaki. Hapo ndipo nilipovua kofia. Walichukua hila ya muuza midoli wakaigeuza kuwa uchungu wa mtunzi.

Basi hukumu yangu ni hii. Katuni ya 1987 ni kazi nyepesi yenye wahusika imara. Ilipoteza kifo, ikapoteza uso wa Baxter, ikapata vitambaa. Gazeti ni kazi nzito yenye wahusika wanaochanganyika. Anayetaka kujifunza asome zote mbili, achukue kitambaa huku na kaburi kule.

Nami nimemjibu yule bwana. Sharti la kwanza nimelikubali, tena kwa shukrani, na nimeandika upya sura tano. La pili nimelikataa. Karatasi yake ninayo mpaka leo, nyuma yake nimeandika mwanzo wa sura ya tisa.

Mshikaji wangu wa kijiweni, Jumamosi hii njoo. Nitasoma sura ya tatu bila kutaja majina ya wahusika. Ukishindwa kujua nani anaongea, kahawa ya watu wote sita ni juu yangu.